Mtu Anayekaa Gizani na Kitabu: Hotuba ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Kundi Letu la Maigizo

Hotuba hii ilitolewa na mwenyekiti wa kundi mbele ya wanachama, wazazi na wageni waalikwa. Inawekwa hapa yote, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mlezi wa kundi letu, wanakamati wenzangu, ndugu wanachama, wazazi mnaotukabidhi watoto wenu kila Jumamosi, wageni wetu, mabibi na mabwana.

Nianze kwa swali ambalo nimekuwa nikijiuliza tangu tulipofunga onyesho la mwisho la msimu huu. Ni nani aliyeuokoa usiku ule? Wengi wenu mlikuwapo. Mnakumbuka kwamba katika sehemu ya pili, pale mahakamani, mwigizaji wetu mkuu alisogea katikati ya jukwaa, akanyanyua mkono, akafungua kinywa, na neno lisitoke. Hadhira ilidhani ni ufundi. Bwana mmoja wa safu ya tatu aliniambia baadaye kwamba ukimya ule ulimsisimua kuliko maneno yote ya mchezo, nami sikuwa na moyo wa kumkatalia. Sisi tuliokuwa nyuma ya pazia tulijua kwamba mwenzetu alikuwa amesahau, amesahau kabisa, na kwamba wale wawili waliosimama karibu naye walikuwa wamesahau pamoja naye, kwa sababu kusahau jukwaani huambukiza kama miayo.

Kisha, kutoka pembeni, ikasikika sauti ndogo. Maneno matatu tu. Mwigizaji akayadaka, akayasema kana kwamba alikuwa ameyatafakari kwa muda wote ule, na mchezo ukaendelea hadi makofi ya mwisho.

Sauti ile ilikuwa ya binti aliyekaa kwenye kigoda kwa usiku nne mfululizo, nyuma ya ubao uliochorwa mti, akiwa na kurunzi ndogo na nakala ya mchezo magotini. Asubuhi iliyofuata nilichukua tangazo letu na kulisoma upya. Majina ya waigizaji 14 yalikuwapo. Jina la mwelekezi lilikuwapo. Jina la mtu aliyetuazima kiti cha hakimu lilikuwapo. Jina la binti yule halikuwapo, na aliyelikagua tangazo hilo kabla ya kwenda kuchapishwa ni mimi ninayezungumza nanyi.

Ndugu wanachama, kundi hili halina upungufu wa waigizaji. Siku ya usaili walikuja watu 31 kugombea nafasi 14. Siku hiyohiyo tulitangaza kwamba tunahitaji watu tisa wa kazi za nyuma ya jukwaa: taa, maleba, vifaa, milango, pazia, kitabu. Mikono miwili ilinyanyuliwa, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa ukiuliza msalani ni wapi. Jambo nililokuja kuwaambia leo ni hilohilo, na yote nitakayoyasema yatarudi hapo: tunahitaji watu walio tayari kukaa gizani na kitabu, na tunahitaji kuacha kuwahesabu watu hao kama wasaidizi.

Turudi nyuma kidogo, hadi London ya mwishoni mwa karne ya 16, wakati ambapo Shakespeare na wenzake walikuwa wakiigiza mchezo tofauti karibu kila siku. Kunakili kwa mkono kulichukua muda na karatasi haikuwa rahisi kupatikana kama leo, tena mchezo mzima ulikuwa mali ambayo kundi shindani lingeweza kuiiba. Kwa hiyo mwigizaji hakukabidhiwa mchezo wote. Alipewa ukanda mrefu wa karatasi ulioviringishwa, wenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila zamu yake yaliandikwa maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue ni wakati gani aanze. Neno ambalo Wafaransa na Waingereza hulitumia hadi leo kwa nafasi ya mwigizaji katika mchezo limetokana na ule mviringo wa karatasi.

Hebu fikirini maana yake. Anayeigiza mfalme ana maneno ya mfalme tu. Anayeigiza mjumbe ana mistari minne na hajui ni nini kilichotokea kabla hajaingia, labda awe amekaa na kusikiliza. Ni nani aliyekuwa na mchezo mzima mkononi? Ni mtunza kitabu. Huyu ndiye aliyejua nani aingie kupitia mlango upi, akiwa ameshika barua au upanga, na tarumbeta ilie lini. Watazamaji hawakumwona hata mara moja. Kati ya watu wote waliofanya kazi katika jengo lile, yeye ndiye ambaye kazi yake ilidai aushike mchezo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, jioni baada ya jioni.

Nawauliza, je, kazi ya namna hiyo ni ya kumpa mtu aliyeshindwa usaili? Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Mtu akikosa nafasi ya kuigiza tulimwambia, kwa huruma iliyojaa dharau, "Basi utatusaidia nyuma." Tukashangaa kwa nini hakurudi msimu uliofuata.

Kuanzia msimu ujao, kamati imeamua kwamba kila anayetaka kuigiza atalazimika kwanza kufanya kazi ya nyuma ya jukwaa katika onyesho moja zima, kuanzia mazoezi ya kwanza hadi usiku wa mwisho. Najua kuna watakaonung'unika. Wawili wameshanung'unika, na wameketi hapa mbele. Mwigizaji ambaye hajawahi kukaa gizani na kitabu hajui kwamba akiruka mistari sita ili afike haraka kwenye hotuba yake anayoipenda, mtu wa taa anabaki na ishara ambayo haitakuja kamwe, na mwenzake aliyesubiri kuingia kwa neno fulani anabaki mlangoni kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akishakaa pale usiku mmoja, ataelewa bila kuelezwa.

Nije sasa kwenye jambo la pili, ambalo nalisema kwa uzito zaidi, na naomba wale mnaocheka huko nyuma mlichukue hivyo.

Mnamo tarehe 29 Juni 1613, katika ukumbi wa Globe huko London, ulipigwa mzinga wakati wa mchezo ili kumkaribisha mfalme jukwaani. Cheche ziliruka zikatua kwenye paa la nyasi, na ukumbi wote ukateketea kwa muda mfupi. Simulizi za wakati ule zinasema kwamba watu walitoka salama, isipokuwa bwana mmoja ambaye suruali yake ilishika moto, naye akauzima kwa chupa ya pombe. Tukisimuliana habari hiyo sisi watu wa jukwaa hucheka.

Mnamo tarehe 30 Desemba 1903 hakuna aliyecheka. Katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, uliokuwa umefunguliwa wiki tano tu zilizotangulia na kutangazwa kwamba hauwezi kuungua, kulikuwa na onyesho la mchana katika siku za likizo, na sehemu kubwa ya hadhira ilikuwa akina mama na watoto. Taa ya jukwaani iliwasha kitambaa. Pazia la kuzuia moto lilipoteremshwa lilikwama njiani. Watu wakakimbilia milango. Mingine ilikuwa imefungwa kwa komeo, mingine ilifichwa nyuma ya mapazia ya urembo, na mingine ilifunguka kwa ndani, kwa hiyo kadiri umati ulivyosukuma ndivyo mlango ulivyozidi kujifunga. Walikufa watu zaidi ya 600. Milango ya kumbi inayofunguka kwa nje, na ule upau ambao mtu akiusukuma kwa mwili mlango hufunguka, vilienea baada ya msiba huo.

Kwa nini nawasimulia haya katika mkutano wa kundi dogo linaloigiza kwenye ukumbi wa kuazima? Kwa sababu usiku wa pili wa onyesho letu la kwanza mwaka huu, nilipita nyuma ya ukumbi wakati wa mapumziko nikakuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli. Nikamuuliza kijana aliyepewa ulinzi, "Mwanangu, umefunga kwa nini?" Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba watoto walikuwa wakipenya bila tiketi. Hakuwa mkaidi. Hakuwa mzembe. Alikuwa ameambiwa alinde mapato, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba mlango ule upo kwa ajili ya kulinda watu. Ufunguo, mabibi na mabwana, ulikuwa kwenye mfuko wa koti la mwigizaji aliyekuwa jukwaani amejifanya maiti.

Basi sasa tuna utaratibu. Msimamizi wa jukwaa atazunguka milango yote nusu saa kabla ya watu kuingia, na mara nyingine wakati wa mapumziko, akiwa na mtu wa pili wa kushuhudia. Hakuna kufuli, hakuna mnyororo, hakuna jukwaa la ziada lililosukumwa mbele ya mlango kwa sababu ghala limejaa. Msimamizi akisema onyesho lisianze, halitaanza, hata mgeni rasmi akiwa ameshaketi, hata mwelekezi akivua kofia na kuikanyaga, kama alivyofanya mmoja ambaye sitamtaja. Na watoto wapenyao bila tiketi? Nitakuja kwao.

Jambo la tatu ndilo lililonichukulia usingizi zaidi mwaka huu. Ni nani hasa anayeruhusiwa kuingia katika kundi linalojiita la jamii?

Kusini mwa Ujerumani kuna kijiji kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri kwamba wataigiza mateso ya Yesu iwapo watanusurika, na mwaka uliofuata wakaigiza kwa mara ya kwanza. Wanaendelea hadi leo, kwa kawaida mara moja kila miaka kumi. Onyesho la 2020 liliahirishwa hadi 2022 kwa ajili ya korona, na wao, kwa historia yao, bila shaka waliuelewa mzaha mchungu wa kuzuiwa na tauni nyingine. Waigizaji si watu wa kukodiwa. Ni wakazi: waliozaliwa hapo, au walioishi hapo kwa miaka 20. Mwaka mmoja kabla huanza kufuga nywele na ndevu, hata fundi bomba na mtu wa benki.

Nimelisifu sana kundi hilo katika mikutano iliyopita, na wengine mmechoka kulisikia. Leo nataka kulisema pia lile ambalo sikuwa nikilisema. Hadi mwaka 1990, mwanamke aliyeolewa, au aliyezidi miaka 35, hakuruhusiwa kuigiza pale, na mlango huo ulifunguliwa kwa uamuzi wa mahakama. Miaka zaidi ya 350 kijiji kiliigiza pamoja, huku wanawake wengi wa kijiji wakiwa nje ya neno hilo "pamoja." Je, kundi letu linawaacha nje akina nani bila kujua? Nilipokaa na katibu tukapitia orodha, tuliona kwamba mazoezi yetu yote huanza saa kumi na mbili jioni. Nani anaweza kufika saa hiyo? Asiye na mtoto mchanga, asiye na zamu ya usiku, asiye na mzazi mgonjwa nyumbani. Hatukuandika sheria ya kumzuia mtu yeyote. Saa ya ukutani ndiyo iliyotuandikia.

Kuna mfano mwingine, ulio karibu nasi zaidi kwa miaka na kwa lugha. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru, nchini Kenya, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000. Mchezo uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha ya Kikuyu, na usaili na mazoezi vilifanyika mbele ya macho ya kila mpita njia. Watu walikuja wakatazama, na walipoona jambo lisilo sawa walilisema: fundi hafanyi kazi hivyo, mzee hasemi na binti yake kwa maneno hayo. Mchezo ulibadilika kadiri ulivyofanyiwa mazoezi. Ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, na katikati ya Novemba serikali ikaupiga marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Wengi hukumbuka marufuku na kizuizi, na ni haki vikumbukwe. Mimi huyakumbuka zaidi mazoezi yale. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi huipenda methali hiyo hasa tunapopitisha bakuli la michango. Lakini kutunza ni kumpa mchezaji zawadi, na kutunza ni pia kumlea, kumwangalia asipotee. Watu wa Kamiriithu walimtunza mchezaji wao kwa maana ya pili kabla hawajafikia ya kwanza. Sisi tunawafungia watu nje kwa miezi mitatu, kisha tunawafungulia mlango usiku mmoja na kuwaomba zawadi.

Mwelekezi wa Brazil, Augusto Boal, alikuwa akifanya kazi nchini Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipokutana na mama mmoja ambaye aliwaambia waigizaji mke wa kwenye mchezo afanye nini. Wakajaribu. Akasema siyo hivyo. Wakajaribu tena. Akasema siyo hivyo, na safari hii alikuwa na hasira. Boal akamwomba apande mwenyewe aonyeshe, na alipopanda ndipo kila mtu alipoelewa alichokuwa anakisema tangu mwanzo. Boal alisimulia tukio hilo mara nyingi kama asili ya ile namna yake ya maigizo ambamo mtazamaji ana ruhusa ya kusimamisha mchezo na kuingia ndani yake.

Kwa hiyo, katika msimu ujao, mazoezi ya Jumamosi mbili kila mwezi yatakuwa wazi kwa yeyote, mchana, na watoto waje. Wale vijana wapenyao bila tiketi, hapo ndipo pao. Tarehe 27 Machi, Siku ya Maigizo Duniani, ambayo imeadhimishwa tangu 1962, tutafungua mazoezi siku nzima, na nyuma ya jukwaa pia patakuwa wazi ili watu waone kamba, taa na kigoda. Mtazamaji atakuwa na ruhusa ya kusema "simameni hapo." Sitawadanganya kwamba kila ushauri utakuwa wa hekima, katika jaribio letu la mwezi uliopita bwana mmoja alisisitiza kwamba kesi ya mahakamani ingenoga zaidi kama mbwa angeletwa kutoa ushahidi. Lakini bibi mmoja, ambaye alikuja tu kumchukua mjukuu wake, alituambia kwamba mjane wetu analia mapema mno, kwa kuwa siku ile ya kwanza mtu huwa na kazi nyingi na machozi huja wageni wakishaondoka. Tulibadilisha onyesho lile jioni hiyohiyo. Lilikuwa limetushinda kwa wiki tatu.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Taarifa ya fedha imesambazwa, na mweka hazina yuko tayari kwa maswali; kwa ufupi, hatuna deni na hatuna akiba. Ghala la maleba limehesabiwa kwa mara ya kwanza, na joho la mfalme lililodhaniwa kuwa limeibwa limepatikana likiwa limetundikwa dirishani kama pazia. Kundi la watoto limekua hadi watoto 22 na linahitaji mlezi wa pili.

Kuhusu hakimiliki, naomba tusirudie tulichokifanya, yaani kubandika matangazo kabla hatujapata ruhusa ya mtunzi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, unalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zimeongeza muda huo. Mtunzi naye ni mtu aliyekaa gizani na kitabu. Tumwandikie barua mapema, na jina lake liandikwe kwa herufi zinazosomeka.

Na sasa, kabla sijamkaribisha katibu kwa ajili ya uchaguzi, nina tangazo jipya mkononi. Ni la onyesho lijalo, na bado halijachapishwa. Juu kabisa, kabla ya mwelekezi na kabla ya waigizaji, kumeandikwa "Mwenye kitabu," na mbele yake pako wazi. Nilimwomba binti yule wa kigoda akubali jina lake liandikwe hapo. Amekataa, kwa sababu safari hii anataka kuigiza, na kwa utaratibu wetu mpya yeye ni mmoja wa wachache wenye haki ya kufanya hivyo. Kwa hiyo nafasi iko wazi. Daftari liko mezani kwa katibu, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke. Mwigizaji mkuu, nakuona unatazama dari.